Usimpe Kisogo

Mwaka 1969 mzoga wa nyangumi ulikuwa ukielea katika Bahari ya Hindi, mbali na pwani ya Durban, na papa walikuwa wameuzunguka kwa makumi wakikata mapande ya mafuta. Enzi hizo Durban bado ilikuwa na kituo cha kuwinda nyangumi. Watu 4 walishushwa kando ya mzoga huo ndani ya vizimba vya chuma: Peter Gimbel na Stan Waterman kutoka Marekani, na Ron Taylor na mkewe Valerie kutoka Australia. Walikuwa wakitengeneza filamu ya Blue Water, White Death, iliyotoka mwaka 1971. Baada ya kuwatazama papa kwa muda wakiwa ndani, walifungua milango ya vizimba, wakatoka nje na kuanza kupiga picha katikati ya kundi lile.

Hakuna aliyeumwa. Papa hawakuwavamia. Waliwajia mmoja mmoja, wakawagonga kwa pua, wakapita, wakarudi tena. Aliyegongwa alijibu papo hapo kwa kumsukuma papa kwa kamera au kwa chochote alichoshika mkononi, naye papa akageuza njia. Wale wanne walikaa karibu karibu, kila mmoja akilinda mgongo wa mwenzake, ili pasiwe na upande usio na macho. Mradi kila pigo lilipata jibu, papa waliwaacha na kurudi kwenye mzoga.

Simshauri msomaji hata mmoja aende akafanye kama wao. Nawataja kwa sababu walituonyesha, kwa picha zinazotembea, jambo ambalo wapiga mbizi wengi bado hawalijui: papa wengi wanaohofiwa huchukua muda kuamua. Humtazama mtu, humzunguka, humgusa, na wakati wote huo anachokifanya mtu yule kinaingia katika uamuzi wao. Mpiga mbizi ana dakika kadhaa mkononi mwake. Anaweza kuzitumia vizuri, au akazitupa kwa kukimbia.

Msomaji wa Mombasa au Unguja amemjua papa sokoni kabla ya kumjua majini. Amemla mkavu, amemla kwa mchuzi wa nazi, na pengine hajawahi kumwona akiwa hai. Lakini vijana wengi wa pwani yetu sasa wanaongoza wageni chini ya maji huko Diani, Watamu, Nungwi, Pemba na Mafia. Mafia wageni humfuata potwe, samaki mkubwa kuliko wote baharini, anayechuja vijidudu vya majini na asiye na habari na nyama ya mtu. Sura hii haimhusu potwe. Inawahusu wachache miongoni mwa aina zaidi ya 500 za papa: papa mweupe mkubwa, papa chui milia, papa fahali, na yule wa bahari kuu mwenye ncha nyeupe ambaye wapiga mbizi wa kila taifa humwita longimanus, kwa jina lake la kisayansi.

Kwanza hofu ipewe kipimo chake. Daftari la kimataifa la mashambulizi ya papa, linalotunzwa na Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la Florida, liliandikisha matukio 69 duniani kote mwaka 2023 ambamo papa aliuma mtu bila kuchokozwa. Watu 10 walikufa. Wengi wa walioumwa walikuwa juu ya maji, wakiteleza kwenye mawimbi kwa ubao au wakiogelea. Mpiga mbizi mwenye mtungi mgongoni ni nadra kutokea katika orodha hiyo, na sababu moja ni kwamba yeye humwona papa akija. Faida hiyo ndiyo nitakayoirudia mpaka msomaji achoke nayo.

Papa, kwa upande wake, anafika akiwa na habari zako tayari. Kuna mstari wa neva ubavuni mwake unaosikia mtikisiko wa maji, na mtu anayepapatika hutikisa maji kwa namna ileile ya samaki aliyejeruhiwa. Harufu humletea mengine. Akifika karibu kabisa hutumia vishimo vidogo vilivyojaa ute kwenye pua, ambavyo Mwitaliano Stefano Lorenzini alivieleza mwaka 1678, kunasa umeme hafifu unaotoka kwenye misuli ya kiumbe hai. Ndiyo maana hugonga kwa pua kabla ya kuuma: anamalizia uchunguzi wake.

Sasa tushuke majini. Elphinstone ni mwamba mrefu na mwembamba ulio baharini karibu na Marsa Alam, Misri, upande wa Bahari ya Shamu, na miezi ya Oktoba hadi Desemba longimanus huonekana pale mara kwa mara, hasa chini ya boti zilizotia nanga. Chukua kwamba mbizi yako imekwisha. Geji inasoma baa 70, nanyi mmesimama mita 5 mkisubiri zile dakika 3 za usalama kabla ya kupanda. Chini yenu ni buluu tupu. Unaona madoa meupe yanayoelea, na unadhani ni samaki wadogo. Kisha mwili unajitokeza nyuma ya madoa: mgongo wa kahawia, pezi la mgongoni lililoviringika, mapezi ya ubavuni marefu yaliyotandazwa kama mabawa ya ndege ya abiria. Samaki wadogo wenye milia myeusi wanatangulia mbele ya pua. Hana haraka yoyote. Anapita mita 8 kutoka kwako, anakutazama kwa jicho moja, anapotea kwenye buluu. Unageuka kumwonyesha mwenzako, na papa yuko nyuma yako, mita 4.

Longimanus hufanya hivyo kwa sababu ya mahali anapoishi. Bahari kuu ni jangwa la chakula. Samaki anayeishi huko hawezi kupuuza kitu chochote kinachoelea, awe kasa, mzoga, takataka ya meli au mtu, kwa hiyo anarudi tena na tena kukihakiki. Ukakamavu huo ndio uliowamaliza mabaharia wengi waliovunjikiwa na meli wakati wa Vita Vikuu vya Pili.

Unapomwona, acha kuogelea kwa mlalo. Simama wima majini. Mtu aliyelala majini akitikisa miguu anafanana na mawindo. Aliyesimama wima anaonekana mkubwa, na hafanani na chochote ambacho papa huyu amezoea kula. Mtazame. Akikuzunguka, zunguka naye, uso wako umfuate mpaka atokomee, kisha endelea kuangalia upande aliotokomea na upande ulio kinyume chake, maana mara nyingi atarudi kwa huko. Ikunje mikono kifuani, usiiache ikining'inia. Sogea kwa wenzako mpaka mabega yakaribiane, kila mtu achukue upande wake wa kulinda. Kama mwamba uko karibu, urudieni na kuuegemea bila kuvunja matumbawe, maana ukuta mgongoni unapunguza nusu ya kazi ya macho.

Anayejitenga na kundi ili apate picha nzuri ndiye anayechaguliwa. Nimesikia viongozi wa mbizi wakilisema hili kwa ukali kabla ya watu kuruka, na ukali huo una haki kabisa. Mtu aliye peke yake kwenye buluu, jicho moja kwenye kioo cha kamera, hajui kilicho nyuma yake.

Kila mzunguko unaokuwa mdogo kuliko uliotangulia ni swali, na swali likiachwa bila jibu papa husogea zaidi. Akifika umbali wa mkono, weka kitu kati yenu: kamera, boya la ishara lililokunjwa, hata pezi moja la mguuni kama umelivua. Akija moja kwa moja, msukume puani kwa kitu hicho, kwa uthabiti, ukijua kwamba mdomo uko chini ya pua na mkono unaoteleza huishia huko. Usimfuate akishageuka. Hapo umeshamjibu, na kazi iliyobaki ni kuondoka.

Mpiga mbizi Mfaransa Jacques Cousteau na mwenzake Frédéric Dumas walijifunza hili mwishoni mwa miaka ya 1940, walipozingirwa na longimanus katika Atlantiki ya kitropiki. Walijaribu mbinu zote zilizoaminiwa wakati ule. Walipunga mikono, walitoa mapovu mengi kwa makusudi, walipiga kelele ndani ya maji. Papa hakujali. Wakaja wengine 2. Hewa ilikuwa ikiisha, na Cousteau alimgonga papa puani kwa kamera yake alipokaribia kupita kiasi, mpaka boti ilipowafikia na kuwapakia. Kisa hicho kimo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1953, na tangu hapo mpiga mbizi makini hategemei mapovu. Hans Hass wa Austria alikuwa amefanikiwa kuwafukuza papa wa Karibi kwa kelele, naye hakusema uongo. Wale walikuwa papa wa miamba, waoga zaidi. Kinachomfukuza papa mmoja hakimfukuzi mwingine, na hapo ndipo ushauri wa jumla unapoua.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni papa wa kijivu wa miamba. Huyu si mkubwa, mara nyingi hafiki mita 2, na anapatikana pia katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1973 watafiti Richard Johnson na Donald Nelson walichapisha maelezo ya mwenendo wake waliouchunguza huko Enewetak, katika Visiwa vya Marshall. Walieleza kwamba papa huyu akibanwa hutoa onyo lisilofichika: pua hunyanyuka, mgongo hujipinda, mapezi ya ubavuni hushuka chini, na mwili wote huanza kuyumba upande hadi upande kwa mwendo uliotiwa chumvi. Baadaye Nelson alitumia chombo kidogo cha kuzamia cha mtu mmoja kuwafuatilia papa hao. Walipofukuzwa hadi kubanwa walitoa onyo lao, na walipoendelea kufuatwa walikishambulia chombo na kuacha alama za meno.

Papa wa namna hii hataki kukula. Anakwambia umpishe. Ukimkabili kifua mbele kama ulivyomkabili longimanus, unamwongezea sababu ya kuuma. Kwa hiyo rudi nyuma polepole, ukiendelea kumtazama, ukimwachia njia pana ya kwenda kwenye maji ya wazi. Angalia kama wewe na wenzako hamjamweka kati yenu na mwamba. Usiwashe taa ya kamera usoni mwake. Akipata nafasi ataondoka, na mara nyingi huondoka kwa kasi ambayo macho hayaifuati.

Swali la kujiuliza, basi, ni moja: anakuja kwangu, au mimi ndiye niliyemwendea? Anayekuja, mkabili. Uliyemwendea, mpishe. Katika hali zote mbili macho yako hayamwachi.

Hofu ni hatari ya pekee, na inastahili hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Akiwa mita 20 shinikizo ni mara 3, kwa hiyo hutumia lita 60. Mtu aliyeogopa huweza kupumua mara 2 ya kiwango hicho bila kujijua: lita 120 kwa dakika. Ukiwa umebakiwa na nusu ya mtungi, yaani lita 1,200, mtulivu ana dakika 20 za kufikiri na mwenye hofu ana 10, na katika hizo 10 anatakiwa apande, asimame, na afike kwenye ngazi ya boti.

Mwenye hofu zaidi hakumbuki hata hizo. Anafyatuka kwenda juu. Hewa iliyo kifuani mwake kwenye mita 10 itakuwa mara 2 kwa ujazo ikifika juu, na akiwa amebana pumzi mapafu yanaweza kupasuka. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hugeuka viputo kwenye viungo na uti wa mgongo. Papa alikuwa amekuja kutazama tu, na mtu ameumizwa na mbio zake mwenyewe. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya mkao na kabla ya kamera, ni pumzi: vuta polepole, toa polepole zaidi, mpaka moyo urudi mahali pake. Mshike mwenzako mkono ukiona macho yake yametoka.

Watu huuliza kuhusu zile dakika 3 za mita 5. Kama mbizi yenu haikuvuka muda unaoruhusu kupanda moja kwa moja, kituo hicho ni tahadhari ya ziada. Papa akiwa amekazana kweli, mnaweza kukiacha na kupanda kwa mwendo wa kawaida, mita 9 kwa dakika, bila mbio. Lakini kama kompyuta ya mkononi inadai vituo vya lazima, huna ruhusa hiyo. Hapo mrudi kwenye mwamba, mgongo ukutani, mkamalizie muda wenu. Kwa sababu hii, mahali panapojulikana kwa longimanus au papa chui milia, mbizi ndefu zenye vituo vya lazima hazina nafasi. Panga mbizi fupi na upande ukiwa na hewa ya kutosha, ili usilazimike kuchagua kati ya madhara mawili.

Na juu ya maji ndipo penye hatari kubwa kuliko kote. Novemba 30, 2017, kwenye kisiwa cha Cocos, Costa Rica, papa chui milia alimfuata mwanamke mmoja aliyekuwa akimalizia mbizi yake. Kiongozi wake alimwona papa akija na alijaribu kumfukuza. Mwanamke yule aliumwa miguuni akafa, na kiongozi mwenyewe alijeruhiwa. Walikuwa wamekwisha kumaliza safari ya chini. Mpiga mbizi akifika juu hupoteza kila kilichokuwa kikimlinda: kichwa kiko hewani na hakioni kitu, miguu inaning'inia gizani, kundi linatawanyika na watu wanaanza kusimuliana walichokiona.

Msifanye hivyo. Tumeni boya juu mkiwa bado chini ili nahodha awajue mlipo. Mfikapo juu, usiinue uso: weka mdomo kwenye hewa ya mtungi na macho ndani ya maji. Kaeni kwenye duara, migongo ndani. Boti ije kwenu, msiiogelee. Kila mmoja apande kwa zamu bila kuchelewa, na aliyepo ngazini asianze kuvua vifaa kimoja kimoja huku wenzake wakisubiri nyuma yake. Wa mwisho kubaki majini awe mwenye uzoefu kuliko wote, naye asiache kutazama chini mpaka mguu wake uguse ngazi.

Sharm el-Sheikh ilionyesha nini hutokea pale binadamu anapobadilisha tabia ya papa. Kati ya Novemba 30 na Desemba 5, 2010, watu 5 waliumwa katika fukwe za mji huo wa Misri, na mmoja wao, mwanamke mzee kutoka Ujerumani, alifariki. Wote walikuwa juu ya maji. Wataalamu walioitwa kuchunguza walitaja mizoga ya kondoo iliyotupwa baharini na meli za mifugo, uvuvi uliokithiri, na watu waliokuwa wakiwalisha samaki ili wageni wafurahi. Papa aliyezoea kwamba mtu majini maana yake ni chakula hawezi kulaumiwa akija kuchukua chake. Kulisha papa ili wageni wapige picha ni biashara ninayoipinga moja kwa moja. Wapo wanaoifanya kwa nidhamu kubwa, lakini papa huogelea mpaka fukwe ambazo hazikukubaliana na biashara hiyo.

Waliobaki niwataje upesi. Papa chui milia hujia nyuma, na ana subira. Ukimtazama hughairi, ukigeuka husogea. Kwake yeye jina la sura hii ndilo ushauri mzima. Papa fahali hupenda maji machafu na midomo ya mito, na hupanda mto Zambezi mbali sana kutoka baharini, ndiyo maana Afrika Kusini wanamwita kwa jina la mto huo. Usipige mbizi kwenye maji ya matope karibu na mto uliofurika. Hakuna mbinu inayofidia kutoona. Papa mweupe huvizia kutoka chini, na anayevutiwa naye hasa ni kivuli kilicho juu. Mpiga mbizi akimwona, akae chini kwenye mwamba au mchanga, asubiri aondoke, kisha apande kwa kufuata kamba au ukuta. Bunduki ya mshale na samaki wanaovuja damu kiunoni vinageuza kila nililoliandika hapa. Mvuvi wa namna hiyo papa akimjia, amwachie samaki aondoke naye.

Vifaa vya kumfukuza papa vipo. Bodi ya papa ya Natal, Afrika Kusini, ilibuni katika miaka ya 1990 kifaa kinachotoa umeme unaosumbua vile vishimo vya pua, na vizazi vyake vinauzwa hadi leo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, walivijaribu vifaa 5 tofauti mbele ya papa weupe. Kilichofanya vizuri kuliko vyote, cha umeme, kilipunguza chambo kilicholiwa kutoka asilimia 96 hadi 40. Vya sumaku na vya harufu havikusaidia chochote cha maana. Asilimia 40 bado ni kubwa. Kifaa kinaongeza kinga, hakichukui nafasi ya macho.

Ikitokea papa ameuma na hajaachia, usimpige ngumi za filamu. Maji huchukua nguvu yote ya ngumi. Shambulia macho na matamvua, kwa vidole, kwa kisu kama kiko mkononi, bila kusita. Rodney Fox alifanya hivyo Desemba 8, 1963, papa mweupe alipomkamata kifuani katika mashindano ya kuvua kwa mkuki kwenye pwani ya Aldinga, Australia Kusini. Alikwangua kuelekea machoni mpaka akaachiwa. Waliomwokoa hawakumvua suti yake ya mpira, na suti hiyo iliyobana ndiyo iliyozuia mwili wake usifumuke njiani kwenda hospitali ya Adelaide. Aliishi, na baadaye akawa miongoni mwa wabunifu wa kizimba cha kuangalilia papa.

Kwenye boti kinachoua ni damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa mtu anaweza kwisha kwa dakika chache, muda usiotosha kufika bandari yoyote. Funga mkanda wa kukaza juu ya jeraha la mkono au mguu, kaza mpaka damu isimame hata kama majeruhi analia kwa maumivu, na andika saa uliyokaza. Jeraha la mahali pasipofungika, lishindilie kwa kitambaa na ukae na mkono wako hapo. Mlaze chali, mfunike apate joto, mpe oksijeni. Suti ibaki mwilini.

Papa hawa wanakwisha. Idadi ya papa na taa wa bahari kuu imeshuka kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970, na longimanus, aliyewahi kuwa miongoni mwa wanyama wakubwa wengi kuliko wote baharini, sasa yumo katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Kila ajali inayoweza kuepukwa huleta ndoano za kulipiza kisasi, na ndoano hazichagui aliyeuma. Anayempenda mnyama huyu ana wajibu wa kutoumwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulize mwenye boti maswali manne. Je, hapa papa wanalishwa? Boti ina mkanda wa kukaza na oksijeni, na ni nani anayejua kuvitumia? Kuna redio au simu inayofika nchi kavu kutoka huko tuendako? Hospitali ya upasuaji iko mwendo wa saa ngapi? Akikujibu bila kusita, panda. Akicheka, au akikwambia hayo hayajawahi kutokea, chukua fedha zako utafute boti nyingine.